Tarumbeta ya Mtumba: Lipia Valvu, Usilipie Mng'ao

Valvu zinanasa katikati ya pambio. Nota za juu hazitoki mpaka shingo ikaze, na kikundi kikisimama kupatanisha sauti, wewe ndiye unayesubiriwa. Harusi za Desemba zinakaribia, mikesha ya Krismasi inakaribia, na pesa iliyopo si ya kuchezea. Tarumbeta ile ya kwanza imekufikisha ulipo. Sasa unataka kupanda daraja, na inabidi uamue upesi.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa mpulizaji mwenye pesa ya kubana, kinachostahili kulipiwa ni tarumbeta ya mtumba, ya daraja la mwanafunzi au la kati, iliyotoka kiwanda chenye jina, na ambayo valvu zake bado zinabana hewa. Mpya ya bei chee itakurudisha kwenye shida zilezile baada ya miezi michache. Ya daraja la juu kabisa, kwa wengi wetu, ni deni ambalo msikilizaji hatalisikia.

Lakini usitoe hata shilingi kabla ya kuhakikisha kwamba kosa ni la chombo. Kioshe kwanza. Toa valvu na mirija yote ya kuvuta, tumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha pitisha brashi laini yenye waya mrefu ndani ya mirija. Maji ya moto yasiguse chombo, maana hubandua vanishi. Mate ya miaka miwili au mitatu huacha utando mgumu ndani ya mrija unaopokea kipulizio, na utando huo peke yake unatosha kuharibu sauti na kupotosha ulinganifu wa nota.

Baada ya hapo badilishana chombo na mwenzako anayepuliza vizuri. Kila mmoja abaki na kipulizio chake. Akihangaika na tarumbeta yako kama unavyohangaika wewe, chombo ndicho kibovu. Akipuliza bila tabu, pesa yako ibaki mfukoni. Ulichopungukiwa ni mazoezi, au pengine kipulizio tu. Kipulizio kizuri kipya kinauzwa takriban dola 40 hadi 70 za Marekani, na hata ukibadilisha tarumbeta baadaye, utahama nacho.

Sasa bei. Nazitaja kwa dola kwa sababu tarumbeta nyingi zinazoingia kwetu bei yake huanzia nje. Kwa hesabu ya haraka, chukua dola moja kwa shilingi 2,500 za Tanzania au 130 za Kenya, kisha urekebishe kwa bei ya siku utakayolipa.

Tarumbeta mpya za bei chee zinapatikana mtandaoni kwa dola 100 hadi 200. Zinang'aa, zinakuja na sanduku, glavu nyeupe, kitambaa na chupa ndogo ya mafuta, na ni rahisi kuzipata kuliko nyingine zote. Udhaifu wake umo ndani. Pistoni nyingi hazijasuguliwa sawasawa, mashimo ya pistoni hayakutani barabara na mirija, na viungio vilivyolehemiwa ovyo huachia. Spea zake hazieleweki, kwa hiyo fundi hana pa kushika. Ukitaka kuiuza, hupati hata nusu. Sipendekezi hata kidogo kwa mtu ambaye tayari anapuliza.

Za mwanafunzi zilizotumika, kutoka viwanda vikubwa vya Japani na Marekani, huanzia kama dola 200 hadi 450. Hizi zilitengenezwa zikitarajiwa kuangushwa na watoto wa shule. Shaba yake ni nene, valvu zake mara nyingi ni za chuma kisichoshika kutu au za moneli, yaani mchanganyiko wa nikeli na shaba unaostahimili mate, na miundo yake imekaa sokoni muda mrefu kiasi kwamba springi, vizibo na vifuniko bado vinatengenezwa. Kwa mpulizaji wa harusi, anayesimama nyuma ya gari la wazi akipigwa na jua na kugongana na ngoma kila gari linaporuka tuta, ubora huo ndio unaohitajika.

Za daraja la kati zilizotumika ziko kwenye dola 500 hadi 900. Faida yake ni sauti iliyojaa zaidi, valvu nyepesi, na mara nyingi kifyatulio au pete ya kusogeza mrija wa kwanza na wa tatu unapopuliza. Kwa mpulizaji wa kwaya au bendi ya dansi anayerekodi mara kwa mara, tofauti hii inasikika. Kwa anayepiga barabarani, haisikiki sana.

Halafu kuna zile za wataalamu. Zilizotumika huanzia kama dola 1,200 na kupita 2,000. Nyingi mdomo wake mpana hufinyangwa kwa nyundo kutoka bamba moja la shaba, na shaba ikiwa nyembamba sauti huwa nzuri lakini bonde hupatikana kirahisi. Kama kazi yako ni studio au ukumbi wenye maikrofoni nzuri, na kazi hiyo inakulipa tayari, fikiria. Kama unatarajia kwamba tarumbeta ndiyo itakayoleta kazi, acha.

Ukishachagua daraja, kagua chombo chenyewe. Hapa usione haya. Nenda na kipulizio chako, chupa ya mafuta ya valvu, kitambaa na simu yenye tochi.

Anza na valvu. Bonyeza kila moja polepole kwa ncha ya kidole, kisha uibonyeze kwa pembeni kidogo. Ikisita au ikikwaruza, uliza bei upya. Fungua vifuniko, vuta pistoni, itazame kwenye mwanga: mikwaruzo mirefu ya wima maana yake mchanga umepita humo, na madoa ambapo nikeli imemenyuka ni uchakavu usioondoka kwa kupiga msasa. Pistoni zina namba 1, 2 na 3. Hakikisha kila moja imerudi kwenye tundu lake, maana zikichanganywa hewa haipiti kabisa, na watu wameacha tarumbeta nzima kwa kudhani imekufa.

Kipimo chenyewe cha uzima ni hiki, na hakina gharama. Rudisha pistoni zikiwa na mafuta. Bila kubonyeza valvu yoyote, shika ule mrija mfupi wa valvu ya pili na uuvute taratibu mpaka utoke. Usikilize. Valvu nzima hutoa mlio wa "pop" kama kizibo cha chupa, kwa sababu hewa ilifungiwa mle ndani na pistoni haikuipitisha. Fanya hivyohivyo kwa mrija wa kwanza na wa tatu: vuta nusu, subiri sekunde tatu, malizia. Mrija ukitoka kimya ilhali una grisi ya kutosha, hewa inavuja kando ya pistoni. Tarumbeta ya namna hiyo itakunyonya pumzi kila wimbo, na nota zake laini zitatetereka.

Muuzaji atakwambia, "Hiyo ni kazi ndogo ya fundi." Si kazi ndogo. Kurudisha pistoni zilizochakaa ni kuzipaka nikeli upya na kuzisugua moja moja zikubali matundu yake, kazi ya karakana maalumu, na huko nje inagharimu dola 400 au zaidi. Bei hiyo inalingana na tarumbeta nyingine nzima ya mwanafunzi. Valvu zikivuja, shukuru na uondoke.

Kisha washa tochi, mulika ule mrija unaopokea kipulizio, nje na ndani. Shaba ya njano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na ile inayotumika zaidi kwenye tarumbeta ina karibu asilimia 70 ya shaba na 30 ya zinki. Mate hula zinki na kuiacha shaba ikiwa na vishimo. Dalili yake nje ni madoa madogo ya waridi, mengi yakiwa na kidoa cheusi katikati. Mafundi wa Uingereza na Marekani huuita uozo mwekundu. Haufutiki, maana unatoka ndani kuja nje. Mrija huo unaweza kubadilishwa, lakini kubadilisha ni gharama nyingine na fundi mwingine. Doa moja kwenye chombo cha bei ya chini linavumilika. Madoa mengi yaliyotapakaa ni kwaheri.

Kwa sababu hiyo namwogopa muuzaji anayeniletea tarumbeta kuukuu inayong'aa kuliko mpya. Kuisugua tarumbeta hadi iwake ni kuondoa shaba, na vanishi mpya inaficha madoa, nyufa na viraka. Tarumbeta iliyochujuka vanishi mahali ambapo mikono inashika, lakini valvu zake zinalia "pop", ni chombo cha mtu aliyekuwa anakitumia na kukitunza. Hiyo ndiyo ya kutafuta, na huwa rahisi kuliko ya kung'aa.

Bonde dogo kwenye mdomo mpana halibadilishi sauti kwa kiasi cha kusikika. Litumie kupunguza bei. Bonde kwenye mrija wa kipulizio, au kwenye ganda la valvu, ni habari nyingine: la kwanza linabana pumzi, la pili linanasa pistoni. Mirija yote minne ya kuvuta isogee kwa mkono. Ule wa tatu uteleze vizuri sana, kwa sababu Re ya chini na jirani yake wa nusu hatua chini kwa asili yake huwa juu ya sauti inayotakiwa, na mpulizaji huzirekebisha kwa kuusogeza mrija huo nje. Na kipulizio kikiwa kimenasa, usikubali mtu akitoe kwa koleo. Kuna kifaa chake maalumu. Koleo huvunja viungio vya mbele, na hasara itakuwa yako.

Mwisho puliza. Fungua programu ya kupimia sauti kwenye simu, iliyowekwa La ya 440. Usishtuke ukipuliza Do na simu ikaandika Si bemoli: tarumbeta ya kawaida ndivyo ilivyo. Hapo wapo wanaopoteza pesa. Katika vikundi vya tarumbeta vya makanisa ya Ujerumani, wapulizaji hutumia chombo cha Si bemoli huku wakisoma nota kwa sauti yake halisi. Kikundi chako kikifuata utaratibu huo, usishawishiwe kununua tarumbeta ya Do ati ndiyo inayolingana na vitabu vyenu. Nunua ya Si bemoli kama wenzako.

Tarumbeta na korneti nazo zitenganishe mapema. Shina la kipulizio cha korneti ni jembamba, hivyo kipulizio chako cha tarumbeta hakitaingia sawasawa. Kama unapuliza kwenye bendi ya Jeshi la Wokovu, korneti ndiyo chombo chako. Ila jihadhari na korneti za zamani sana za Uingereza: bendi za shaba za huko zilipiga kwa sauti ya juu kuliko ya kimataifa hadi miaka ya 1960, na chombo cha enzi hizo kinaweza kukataa kushuka hata ukivuta mrija wote.

Zipo pia tarumbeta zenye valvu za kuzunguka, za kazi ya Kijerumani, ambazo huletwa na wageni wa makanisa na baadaye kuuzwa. Sauti yake ni tamu na nyororo. Lakini valvu hizo hazifunguliwi nyumbani, na kumpata fundi anayezijua ni vigumu. Labda kama kwenye kikundi chenu yupo anayezitunza tayari. Vinginevyo chukua ya pistoni.

Sasa gharama zinazojificha. Tuseme umeona mtandaoni tarumbeta ya dola 450. Usafirishaji wa ndege dola 90, jumla 540. VAT ya bidhaa inayoingia Tanzania Bara ni asilimia 18, kwa hiyo ongeza 97. Kenya ni asilimia 16, ongeza 86. Na VAT haihesabiwi kwa bei ya chombo peke yake: inapigwa juu ya bei, usafiri, bima na ushuru wa forodha kwa pamoja. Kwa hiyo kabla hata hujauhesabu huo ushuru, wala tozo ya reli, wala ada ya kampuni ya usafirishaji ya kukutolea mzigo, 450 imeshafika karibu 640. Uliza ada ya kutoa mzigo kabla hujalipa. Haiandikwi kwenye tangazo, na kwa mzigo mdogo inauma kuliko kodi yenyewe.

Ongeza makato ya benki ya kubadilisha fedha, na wiki za kusubiri. Ukiagiza mwishoni mwa Novemba, Desemba unaweza kuimaliza mikono mitupu. Na chombo kikifika na valvu zinazovuja, kukirudisha kunagharimu usafiri wa pili. Dola 450 ya huko, kwa hiyo, ishindanishe na dola 600 ya hapa, ambayo unaivuta mirija mbele ya mwenyewe na kuondoka nayo leo. Mimi ningechukua ya hapa.

Njia ya katikati ni ndugu anayekuja kutoka Ulaya au Marekani. Tarumbeta ndani ya sanduku dogo huweza kuingia kama mzigo wa mkononi kwenye ndege nyingi, na usafiri unakuwa bure. Mwombe aulize shirika lake la ndege mapema, aje na risiti, na aitaje forodhani akiulizwa. Na kama kuna mpulizaji anayemfahamu huko, amwombe akajaribu ule mlio wa "pop" kabla ya kulipa.

Kwa wanaonunua hapahapa, mahali pazuri pa kuanzia ni watu: kiongozi wa kikundi, mwalimu wa kwaya, mstaafu wa bendi ya polisi au ya jeshi, wanamuziki wa dansi. Chombo cha mtu anayejulikana kina historia. Maduka ya ala mjini yana mtumba pia, ila uliza waranti ya wiki mbili kwa maandishi. Ukiona herufi za shule, kanisa au jeshi zimechongwa kwenye ganda, dai barua ya kuuziwa. Kama zimekwanguliwa, usinunue kwa bei yoyote. Mali ya umma ikitambuliwa utaipoteza na pesa hairudi.

Pesa usitume kwa simu kwa mtu usiyemwona, hata akikutumia picha kumi. Kama chombo kiko Mbeya na wewe uko Dar es Salaam, mtafute mpulizaji wa Mbeya akakague, umlipe nauli na chakula. Kikiletwa kwa basi, sisitiza kisafiri ndani ya sanduku gumu, kikiwa kimezungushiwa nguo pande zote, na kipulizio kikiwa kimetolewa. Kipulizio kilichoachwa mahali pake kikigongwa, hunasa.

Kati ya pesa yako yote, tenga sehemu ya tano isiguswe na muuzaji. Hiyo ni ya mafuta ya valvu, grisi ya mirija, springi na vizibo vipya, na sanduku kama la zamani limeoza. Mafuta ya kupikia usiyatie kamwe: yanaganda na kugeuka gundi. Chupa ya mafuta halisi ni dola 5 hadi 8, na hudumu miezi.

Kwa hiyo, kama una chini ya laki nne za Tanzania, au elfu ishirini za Kenya, usinunue tarumbeta sasa. Osha uliyo nayo, nunua kipulizio, endelea kuweka akiba. Ukiwa na karibu milioni moja, au elfu hamsini za Kenya, tafuta ya mwanafunzi ya mtumba iliyochujuka na yenye valvu nzima. Ni chaguo bora kuliko yote kwa pesa hiyo. Ukivuka milioni mbili, au laki moja za Kenya, ya daraja la kati inafaa, mradi umeipuliza mwenyewe. Na muuzaji akikukatalia kuvuta mirija na kufungua valvu, funga mkoba uende kwa mwingine.